Fursa Iliyoombwa Ipotee Kidogo

Kwa heshima na taadhima, Kurugenzi ya Utafutaji wa Fursa za Ulezi wa Wanafunzi katika Vifaa Huria inapenda kuutangazia umma kwamba utafutaji unaendelea vizuri sana. Umma usiwe na wasiwasi. Tumetafuta kaskazini, tumetafuta kusini, na mpango mkakati wetu mpya unaonyesha kuwa hata mashariki kunatafutika.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nimekuwa Katibu wa Kurugenzi hii tangu ilipozaliwa, na nasema bila kujisifu kwamba sijaona taasisi nyingine inayotafuta kwa bidii kama sisi.

Kwa wale ambao hawajapata semina, vifaa huria ni vifaa ambavyo michoro yake haifichwi. Aliyebuni kifaa anauweka mchoro hadharani, na mtu yeyote anaweza kuuchukua, akatengeneza kifaa hicho, akakirekebisha, akampa na mwenzake, bila kuomba ruhusa. Mkurugenzi wetu alipoelezwa jambo hili mara ya kwanza alitazama dari, halafu akauliza, "Bila kuomba ruhusa kwa nani?" Akaambiwa, kwa mtu yeyote. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema.

Hata hivyo serikali iliona mbali. Iliona kwamba miradi ya namna hiyo ikipata wanafunzi, na wanafunzi wakipata walezi wa kuwashika mkono kazini, nchi itaacha kuagiza kila kitu mpaka swichi ya taa. Ndipo ikaundwa Kurugenzi ya kutafuta fursa hizo. Sheria ilisema kutafuta. Mkurugenzi alinionyesha kifungu hicho siku yangu ya kwanza kazini, akakigonga kwa kidole chenye pete.

"Katibu," aliniambia, "mtu akishapata, anafanya nini tena?"

"Anapumzika, mzee."

"Anapumzishwa," alisema Mkurugenzi. Nikaelewa kazi yangu.

Chumba cha Utafutaji kipo ghorofa ya pili, mkabala na choo. Kina ramani kubwa ukutani. Pini nyekundu zinaonyesha mahali tulipokwisha kutafuta, na pini za kijani mahali tutakapotafuta. Pini za mahali tulipopata hatukuziagiza. Tuna pia darubini, tochi za kutosha, na makoti ya mvua kwa ajili ya kutafuta wakati wa masika. Mtu akiingia humo anaona wazi kwamba hapa watu wako kazini.

Kazi ya kuhamisha pini alikuwa nayo mpwa wangu, binti wa dada yangu. Anasomea elektroniki chuoni, na mwaka huo alitakiwa afanye mafunzo kwa vitendo chini ya mlezi wa fani yake. Asipompata kabla muhula haujafungwa, anarudia mwaka. Alihangaika kiguu na njia, kila ofisi ikimwambia aje kesho, mpaka mimi mjomba wake nikamsitiri kwenye Kurugenzi. Nilidhani dada yangu atanishukuru. Badala yake alinipigia simu nikiwa kikaoni.

"Kaka, mwanangu anasomea umeme, wewe unamfundisha kuchoma pini?"

"Zile pini ni za kimkakati, dada."

"Akirudia mwaka, usikanyage kwangu."

Nilikata simu kwa heshima. Lakini neno lile sikulipuuza, kwa sababu dada yangu hatanii, na kwake ndiko ninakokula Jumapili.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke amebeba boksi la viatu. Alikuwa mhandisi, mtu wa maneno machache, na mtaani kwake walimwita Bi Saketi. Ndani ya boksi mlikuwa na kifaa kidogo chenye waya na taa. Alikiweka juu ya meza ya mapokezi, juu kabisa ya gazeti nililokuwa nalisoma.

"Hiki kinakaa kwenye friji ya chanjo," alisema. "Friji ikipata joto, kinampigia simu nesi kabla dawa hazijaharibika. Michoro yake yote iko huria. Zahanati zinakitaka, ila mikono yangu haitoshi. Nina nafasi za wanafunzi. Nitawalea mwenyewe, nitawafundisha kulehemu, kupima, kila kitu. Nimesikia ninyi ndio mnaotafuta nafasi kama hizi."

Mpwa wangu aliacha pini zake akaja mbio. Alikipokea kile kifaa kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambembeleze. "Hiki kihisi joto mmekiweka karibu mno na betri," alisema. "Si kitasoma joto la betri?"

Bi Saketi alimtazama. "Kinasoma," alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wewe nani?"

"Ni mhamisha pini," nilimjibu mimi, maana swali lilihusu utumishi. Nikampa Bi Saketi beji ya mgeni, nikamwomba asubiri, nikaenda kutoa taarifa ya dharura.

Sijawahi kumwona Mkurugenzi akibadilika rangi namna ile. Alifunga mlango. Alifunga na dirisha.

"Imekuja yenyewe?"

"Imekuja yenyewe, mzee. Kwa miguu."

"Nani aliiruhusu?"

Kikao kiliitishwa papo hapo, na nakumbuka hoja zilivyokuwa nzito. Mhasibu aliuliza kama fursa iliyojileta inaweza kulipiwa safari ya kuitafuta. Afisa Mipango akasema ramani haina pini yake. Mkurugenzi alisikiliza wote, akavua miwani, akatoa mwongozo ambao hadi leo nauona kuwa wa hekima kubwa: fursa inayokuja yenyewe si fursa, ni mgeni. Ili iwe fursa ni lazima itafutwe, na ili itafutwe ni lazima kwanza iwe imepotea.

"Sasa hii haijapotea," alisema Mhasibu. "Iko pale mapokezi, imekalia kiti."

"Basi ipotezwe," alisema Mkurugenzi. "Kwa utaratibu. Halafu nitamwalika Mheshimiwa Waziri, twende naye tukaitafute mbele ya waandishi wa habari. Tukiiona, tutasema tumeiona kwa mbali, tutahitaji bajeti ya kuisogelea."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu muhtasari nilikuwa nimekwisha kuuandika na mikono ilikuwa wazi.

Kesho yake nilitumwa kwenye karakana ya Bi Saketi, nikamchukua mpwa wangu anibebee mkoba. Karakana ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na fundi viatu, na mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: KARIBU, MICHORO NI YENU. Ndani kulikuwa na joto la chuma cha kulehemu na meza iliyojaa vifaa nusunusu. Nilikohoa, nikaeleza ujumbe wa Kurugenzi.

"Tunakuomba upotee kidogo."

Bi Saketi aliweka chuma chake chini. "Nipotee?"

"Kidogo tu. Toa kibao. Funga mlango. Ukipigiwa simu usipokee. Wiki ijayo tutakuja na Mheshimiwa Waziri, tutabisha hodi, wewe utafungua, na sisi tutashangaa."

"Mtashangaa nini?"

"Kwamba upo."

Alifikiri. "Na wanafunzi je?"

"Wanafunzi wako awamu ya pili."

"Zahanati zinasubiri, bwana Katibu. Chanjo haijui awamu."

Nilimwambia nimelipokea hilo na nitaliwasilisha. Alinitazama vile dada yangu anavyonitazama nikisema nimeshiba. Halafu, bila ubishi wowote, akasema, "Sawa. Nitapotea." Akang'oa kibao mwenyewe, akakiweka ndani ya boksi. Nilifurahi. Ni nadra kupata mdau anayeelewa haraka hivyo.

Mpwa wangu wakati wote huo alikuwa amesimama mezani, akisogeza kihisi mbali na betri, kidogo kidogo, huku akisoma namba kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote alizokaa ofisini kwetu. Tulipofika mlangoni alinishika mkono wa koti.

"Mjomba, na mimi naomba nipotee naye."

"Andika barua, uipitishe kwangu."

"Na wewe utaipitisha kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi."

"Basi shikamoo, mjomba," alisema, ingawa ilikuwa saa ya kuagana. Kesho yake hakuja kazini. Nilitoa taarifa kwamba pini ya mashariki imekaa bila msimamizi.

Siku ya utafutaji rasmi ilifika. Msafara wetu ulikuwa na magari mengi mpaka mengine yalikosa pa kugeuzia. Mheshimiwa Waziri alikuja, mama mmoja mtulivu aliyevaa viatu vya kutembelea, jambo ambalo lilitushtua, kwani wageni wetu rasmi huwa hawatembei. Mkurugenzi alikuwa na darubini shingoni. Njia nzima alimweleza Waziri ugumu wa kazi: jinsi fursa zilivyo adimu, jinsi zinavyojificha, jinsi unavyoweza kutafuta maisha yako yote na ukastaafu hivihivi.

Tulifika kwa yule kinyozi. Mkurugenzi alisimama mbele ya mlango wa karakana, kamera zikamlenga, akabisha hodi. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kushangaa tangu asubuhi. Afisa Mipango alikuwa amekwishafungua mdomo.

Kimya. Mkurugenzi akabisha tena. Kimya. Niliona jasho likimtoka nyuma ya sikio. Alinivuta pembeni.

"Katibu, yuko wapi?"

"Amepotea, mzee."

"Najua amepotea, ndiyo mpango! Nakuuliza yuko wapi?"

"Ndiyo hivyo, mzee. Amepotea kweli."

Nilichungulia dirishani. Chumba kilikuwa kitupu, hata meza haikuwepo. Mkurugenzi hakukosa la kusema, na hilo ndilo linalowatofautisha viongozi na sisi wengine. Aliwageukia waandishi akatangaza kwamba kilichoonekana hapa ni ushahidi wa kitaalamu wa kutokuwepo kwa fursa, na kwamba Kurugenzi sasa itahitaji darubini kubwa zaidi.

Kinyozi alitoka na mashine yake mkononi, mteja akimfuata na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

"Mnamtafuta Bi Saketi?"

"Sisi ndio tunaouliza maswali," alisema Mkurugenzi.

"Kahamia chuo cha ufundi, hapo nyuma ya soko. Mbona kila mtu anajua? Tulimsaidia kubeba meza."

Mheshimiwa Waziri alikuwa amekwishaanza kutembea. Magari hayakuweza kugeuka, kwa hiyo tukamfuata kwa miguu, makoti ya mvua mikononi, jua likiwaka.

Ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye mabenchi, kila meza na chuma chake cha kulehemu, na sauti zilikuwa za watu wanaobishana kuhusu kitu wanachokielewa. Kibao kilekile kilikuwa mlangoni. Bi Saketi alikuwa katikati ameinamia kifaa cha mtu, hata hakutuona. Aliyetuona ni mpwa wangu. Alikuwa amevaa aproni iliyoungua mfukoni, akimwelekeza kijana mwenzake mahali pa kuweka kihisi: mbali na betri.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema. "Naomba namba yako ya simu."

Mkurugenzi alitaka kuzuia, Waziri akaitaja. Mpwa wangu akabonyeza bonyeza, akakifumbata kile kifaa kiganjani kukipa joto. Tulisubiri. Simu ikaita ndani ya mkoba wa Waziri. Akaipokea, akasikiliza, akacheka kwa sauti.

"Friji inalalamika," alituambia.

Sitasema uongo: nilijivuna mpaka koti likanibana. Nilitamani dada yangu angekuwepo.

Mkuu wa Chuo aliitwa. Waziri akamuuliza nani alitoa kibali cha mradi huu kuja hapa. Mkuu wa Chuo, mtu mwembamba mwenye chaki begani, alionekana kutoelewa swali.

"Mama huyu alikuja akaniuliza kama nina ukumbi. Nikamwambia ninao. Akauliza kama nina wanafunzi wanaotaka mlezi. Nikamwambia ingia."

"Basi?"

"Basi, Mheshimiwa."

Hapo Mkurugenzi aliona hatari, akajitosa. Alisema kwa masikitiko makubwa kwamba anayoyaona ni vurugu. Hii fursa haijatafutwa. Haina pini. Wanafunzi hawa wanalelewa kiholela. Aliomba ukumbi ufungwe mara moja, mama huyu arudi kupotea, na vijana warudi walikotoka, ili Kurugenzi iweze kuwatafutia fursa hii upya, kwa kufuata hatua.

Mpwa wangu alikuwa bado amekishika kifaa. Muhula ulikuwa ukingoni. Ukumbi ukifungwa, mwaka wake umekwenda na maji, na wa wenzake wote.

Waziri aliketi kwenye ncha ya benchi, taratibu. "Mkurugenzi, nisaidie kuelewa. Kurugenzi yako inatafuta nini?"

"Fursa za ulezi wa wanafunzi katika vifaa huria, Mheshimiwa."

"Na hawa ni nini?"

"Ni wanafunzi, Mheshimiwa."

"Wana mlezi?"

"Wa... wanaye."

"Kifaa ni huria?"

"Kwa maana fulani."

"Kwa hiyo fursa imepatikana, au haijapatikana?"

Nilimwonea Mkurugenzi huruma. Akisema haijapatikana, amesema hivyo katikati ya ukumbi uliojaa, kamera zikiwaka. Akisema imepatikana, basi kutafuta kumekwisha, na Kurugenzi nayo, na ghorofa ya pili, na darubini. Aliyumba huku na huku, mwishowe akafanya kile alichokuwa akifanya kila swali likiwa gumu.

"Katibu atalijibu hilo," alisema.

Wote wakanigeukia. Nilifungua faili langu, nikalifunga. Nilifikiria meza yangu mkabala na choo, kiti changu chenye mto, cheo changu chenye herufi kubwa. Mpwa wangu hakunikonyeza, wala hakuniomba kitu. Alinitazama tu, kama siku ile mlangoni alipotaka kupotea nami nikamwambia aandike barua. Nilimpenda mtoto yule, na niliona aibu.

"Imepatikana, Mheshimiwa," nilisema.

"Umemwaga unga wetu," alininong'oneza Mkurugenzi.

Waziri alisimama, akampa Mkurugenzi mkono, akautikisa kwa furaha ya kweli. "Hongereni sana. Ni taasisi chache zinazomaliza kazi zilizopewa. Nitalieleza Baraza kwamba Kurugenzi hii imetimiza lengo lake lote na haina sababu ya kuendelea. Magari yarudi wizarani. Ninyi wenye uzoefu wa wanafunzi mtabaki hapa kusaidia."

Makofi yalikuwa marefu. Ukumbi mzima ulisimama kutupongeza, na Mkurugenzi alilazimika kuinama mara kadhaa kushukuru. Nimehudhuria hafla nyingi, lakini sijaona kiongozi akishangiliwa namna ile huku machozi yakimlenga.

Waziri aliondoka. Magari, yalipofanikiwa kugeuka, yaliondoka. Wanafunzi walirudi kazini kama kwamba hakuna lililotokea. Mkurugenzi alibaki katikati ya ukumbi na darubini yake shingoni, akisubiri mtu amletee kiti. Hakuna aliyekileta. Akanong'ona, "Katibu, mkubwa wa hapa nani?"

"Nimeuliza, mzee. Wanasema hayupo. Ukijua kitu, unamwonyesha mwenzako."

Alilitafakari hilo kwa uchungu. Ndipo mpwa wangu akaja, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwamkia vizuri kabisa jinsi alivyofunzwa na mama yake.

"Shikamoo, mzee. Kila anayeingia hapa tunamuuliza anajua nini, ili tumpangie meza. Wewe unajua nini?"

Mkurugenzi alinyoosha mgongo. "Najua kuendesha vikao."

Mpwa wangu aliwaza, kwa nia njema, nilimwona. Akatazama meza moja hadi nyingine akitafuta pa kumweka. Moshi wa lehemu ulikuwa umetanda, vijana wa nyuma wakikohoa.

"Basi mzee, kwa kuanzia," alisema, "tufungulie lile dirisha."

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nilikuwa nimekwishapewa aproni. Akaenda mwenyewe, akahangaika na komeo, akasukuma kwa bega. Na naripoti hapa, kwa uaminifu wote wa utumishi wangu, kwamba lilifunguka, na kwamba watu walipumua.